Mama Mkwe na Maji ya Jua

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka mingi nimefunga mabafu ya watu hapa Kamembe, mji wa kilimani juu ya ziwa, katika nyumba za wageni na nyumba za wafanyabiashara wenye vigae mpaka karibu na dari, na juu ya mapaa yao nimepandisha mitambo ya kupasha maji kwa jua. Nyumbani kwangu tulioga maji kama yalivyotoka bombani. Aliyetaka ya moto aliwasha mbabula, lile jiko la makaa tunayoyaita makala, akasubiri yashike, akabandika sufuria. Sikuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Nawajua mafundi wa viatu ambao watoto wao wanatembea na ndala zilizokatika.

Mambo yalibadilika mama mkwe wangu alipohamia kwetu.

Alikuwa mjane, mkulima wa mpunga kule bonde la Bugarama, na magoti yake yalikuwa yamechoka kusimama ndani ya matope. Mke wangu, ambaye ni binti yake wa mwisho, alikuwa amemsihi kwa muda mrefu apande kuja kukaa nasi. Alipokubali alikuja na lori la mchele, amekaa mbele na dereva kama mgeni wa heshima, na mizigo yake ilikuwa mkeka, sufuria mbili anazoziamini, gunia la mchele na Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe.

Bugarama ni mahali pa joto. Huko maji yakikaa ndani ya ndoo uani yanapata uvuguvugu bila mtu kuyashughulikia. Tena si mbali na kwao kuna amashyuza, maji ya moto yanayotoka yenyewe ardhini, ambako watu wenye maumivu ya mwili huenda kukaa ndani wakanyoosha miguu. Yeye alikuwa mmoja wao. Kamembe iko juu, na upepo wa ziwa hupanda kilima na kuingia kila nyumba bila kubisha hodi. Asubuhi ya kwanza alipotawadha kwa maji yetu, mke wangu alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayechomwa sindano. Hakulalamika. Alisali, akarudi kitandani, akajifunika mablanketi mawili mpaka jua likatoka.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunaishi mimi na yeye. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Dini haijakataza, ni heshima tu tuliyoikuta kwa wazee, Waislamu kwa Wakatoliki. Nikiingia uani, yeye anaingia ndani. Akiwa ameketi barazani, mimi napitia upande wa jikoni. Hatuli sahani moja wala hatutazamani usoni. Akitaka kitu kwangu humwambia binti yake, nami hufanya vivyo hivyo. Tangu nioe tulikuwa tumeishi hivyo bila taabu, kwa sababu yeye alikuwa bondeni na sisi mlimani. Sasa tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na ua mmoja mdogo.

Basi ni mke wangu aliyeniambia. Alisema mama yake haombi kitu chochote, lakini magoti yamevimba tangu afike, na kila alfajiri inabidi yeye mwenyewe aamke kuwasha makala ili mama apate maji ya kuogea na kutawadha. Gunia la makala ambalo zamani lilitutosha mwezi na zaidi sasa lilikuwa linaisha kabla mwezi haujafika katikati. Alikuwa amejaribu pia ule waya wa kuchemsha maji unaotumbukizwa ndani ya ndoo na kuchomekwa ukutani. Siku moja ulimrusha, mkono ukafa ganzi mpaka jioni, na hata kabla ya hapo umeme tuliokuwa tunanunua kwa simu ulikuwa unayeyuka kama sukari.

"Wewe unapeleka maji ya moto kwa wageni wa kulala siku moja," aliniambia. "Mama yangu atalala hapa miaka."

Nilianza kufikiri siku hiyohiyo.

Bahati nzuri, nyumba moja ya wageni karibu na ziwa ilikuwa inafanyiwa ukarabati, na mwenyewe alitaka mitambo mipya, mikubwa zaidi. Wa zamani ulikuwa ule wa mabomba ya kioo yaliyopangwa kama meno ya kitana, na juu yake pipa refu linalong'aa. Kila bomba lina kuta mbili za kioo na katikati hamna hewa, kama chupa ya chai, kwa hiyo joto likiingia halitoki kirahisi. Mwenye nyumba alikubali niuchukue badala ya sehemu ya malipo ya kazi yangu. Niliupandisha juu ya paa letu na rafiki yangu mmoja mwashi, tukaupa mwinamo kidogo tu, kwa kuwa hapa jua linapita karibu juu ya vichwa vyetu.

Lakini mimi nilitaka kujua jambo jingine. Wateja wengi walikuwa wananiuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupata maji ya moto ya jua bila kununua mtambo wa dukani, nami kila mara nilijibu kwa kubahatisha. Sasa nilikuwa na paa langu mwenyewe na mtu wa kuoga kila siku. Nikatengeneza mtambo wa pili kwa mikono yangu. Nilichukua boksi pana la mbao, ndani nikalaza bati lililopakwa rangi nyeusi, juu ya bati nikafunga mabomba ya shaba niliyokuwa nimeyakusanya kutoka kazi mbalimbali, halafu nikafunika kwa kioo cha dirisha. Juu ya boksi niliweka pipa la plastiki gumu nililolivika sponji ya godoro kuukuu. Maji yakipata joto ndani ya boksi huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye pipa, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala waya. Ukilielewa hilo mara moja, unaweza kukaa unalitazama kama mtu anayetazama mto.

Niliyapeleka mabomba yote mawili bafuni, kila mtambo na robine yake, koki ya kufungulia maji, ya kulia ikiwa ya vioo na ya kushoto ya boksi. Nikamwambia mke wangu amweleze mama kwamba leo aoge kulia, kesho kushoto, na kila mara aseme maji yalikuwaje.

Hapo ndipo kazi ya mke wangu ilipoanza. Mimi nilikuwa na kipima joto cha kuazima kutoka kwa jirani anayetengeneza sabuni, nacho nilikitumbukiza kwenye maji ya kila pipa saa za alasiri na tena asubuhi. Mama mkwe alikuwa na kiwiko chake, kile ambacho akina mama hupimia maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Mimi nilisimama uani, yeye akiwa bafuni, na binti yake katikati akipeleka maneno. Niliuliza kama maji ya moto yalichelewa kufika. Mke wangu aliingia, akatoka, akasema yalichelewa mpaka nusu ya ndoo imejaa baridi. Niliuliza kama yalipoa kabla hajamaliza kuoga. Akaingia tena. Siku moja alitoka akasimama mbele yangu, khanga imelowa begani.

"Anasema leo ya kushoto iko vuguvugu, kama chai muntu amesahau. Na mimi nasema siko telefone yenu."

Alisema hivyo huku akicheka, ila nilijua amechoka. Kutoka bafuni nilisikia pia kicheko kidogo cha mama, kisha kikanyamaza haraka kama kilichofunikwa kwa mkono.

Tuliendelea hivyo majira yote ya mvua. Sitaki kuficha kwamba mtambo wa vioo uliupita wangu kwa mbali. Siku za mawingu mazito, yale yanayotoka upande wa msitu wa Nyungwe na kukaa juu yetu mpaka jioni, boksi langu lilitoa maji ambayo hayana tofauti kubwa na ya bombani, lakini vioo vilikuwa vimeokota joto mahali ambapo mimi sikuona hata kivuli changu. Pipa lao pia lilitunza joto vizuri. Alfajiri, kabla ya adhana, maji ya kulia yalikuwa bado yanatosha kuogea. Ya kushoto yalikuwa yamelala baridi, kwa sababu sponji ya godoro ilikuwa imenyeshewa na kulowa, na sponji iliyolowa haizuii kitu.

Mama alichagua robine ya kulia bila kusema. Mke wangu aliniambia siku ya kushoto ikifika alikuwa anaoga haraka, na ya kulia anakaa mpaka watu wanaanza kuuliza kama amelala. Gunia la makala lilirudi kudumu kama zamani. Nilianza kuwashauri wateja wangu kwamba mwenye uwezo anunue ya vioo, na asiye nao asubiri mpaka awe nao. Boksi nililiona kama mchezo wa fundi mwenye muda.

Kiangazi kikaja, na kiangazi hapa si cha mchezo. Vumbi lilipanda kutoka barabarani, malori ya saruji kutoka Muganza yalipita yakiacha unga mweupe kwenye majani ya migomba, na jua likawa kali kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Mitambo yote miwili ilitoa maji ya moto kupita mahitaji. Kisha maji ya mji yakakatika mtaani kwetu. Yalikatika siku moja, tukavumilia. Yakaendelea kukatika, tukaanza kununua madumu kwa vijana wa baiskeli.

Mtambo wa vioo usio na maji juani ni kitu cha kuogopesha. Nalijua hilo vizuri. Maji machache yanayobaki ndani ya vioo huchemka, yanatoka kama mvuke kwenye bomba la kupumulia, na vioo vinabaki vitupu na moto kama kikaango, na maji ya baridi yakiviingia ghafla hupasuka. Nilipanda nikaufunika kwa hema kuukuu, nikalifunga kwa kamba, nikaenda kazini. Upepo wa ziwa ulikuwa na mpango wake. Ulilifungua hema siku hiyohiyo, ukalitupa kwenye uzio wa jirani, na hakuna aliyeona.

Ilikuwa Ijumaa. Nilirudi mapema ili nioge kwa maji ya dumu na kuwahi msikitini. Mke wangu alikuwa ameenda Mibirizi, hospitalini, kumwona mtoto wa dada yake aliyejifungua. Watoto wetu walikuwa shule. Nilipofika uani nikaona hema halipo juu, nikachukua ngazi nikapanda. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa paa nilipoyasikia mabomba yakikohoa. Maji yalikuwa yamerudi.

Yalipanda kwa nguvu, na juu yangu ule mtambo ukaanza kulia. Sijui neno jingine. Ulitoa sauti nyembamba kama ya sufuria iliyofunikwa, na mvuke ukatoka kwenye bomba la kupumulia. Wakati huohuo nikasikia mlango wa bafu unafunguliwa chini yangu na ndoo inawekwa sakafuni. Mama alikuwa amesikia maji kama mimi, naye alikuwa siku nyingi hajaoga kwa raha. Najua mkono wake ulikuwa unaelekea upande gani.

Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nilifikiri neno moja tu, kwamba si adabu, na kabla sijamaliza kulifikiri nilikuwa nimekwisha kuita.

"Maman, usifungue ya kulia! Maji inachemka, itakuunguza."

Nilikuwa na hofu kwamba hakusikia, na nusu ya hofu nyingine kwamba amesikia. Kisha sauti yake ikatoka bafuni, tulivu, sauti ambayo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia ikizungumza na watu wengine tu.

"Sijafungua." Ndoo ikasogezwa. "Uko juu pale?"

"Ndiyo, Maman. Niko kwenye ngazi."

"Basi shuka, mutoto wangu. Hiyo kitu inalia vibaya."

Nilishuka. Sikushuka kwa sababu ya ufundi wangu, maana ufundi wangu ulikuwa unanituma nipande kufunga maji. Nilishuka kwa sababu ameniambia nishuke, na aliyeniambia ni mama mkwe. Mguu wangu ulikuwa umegusa ardhi, nimeanza kuondoka pale kwenye ngazi, kioo cha kwanza kilipopasuka. Kilitoa mlio kama wa gurudumu la lori linalopasuka. Kikafuata cha pili, na cha tatu, mpaka nusu nzima ya safu ikawa imeanguka, na maji ya moto yenye vipande vya kioo yakamwagika kwenye bati na kushuka mahali ilipokuwa ngazi.

Mama alitoka bafuni akiwa amejifunga khanga mbili, ndoo mkononi. Nilijua ni lazima nigeuke. Sikugeuka, na yeye hakurudi ndani. Tulisimama uani pamoja tukilitazama paa likifuka mvuke, kama majirani wawili wanaotazama nyumba ya mtu mwingine inayoungua. Alinitazama mikono na uso, akataka kujua kama nimeungua. Nilimwambia hapana. Nikamwuliza yeye. Akasema hapana, alhamdulillahi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kama ile nyingine bado ni nzima.

Ile nyingine ilikuwa nzima. Boksi langu lilikuwa limekauka kama vioo, lakini shaba haijali. Maji yalipoingia yalivuma kidogo ndani, yakatoa mvuke, yakatulia. Nilimwomba asubiri kidogo, nikafungua robine ya kushoto mwenyewe mpaka moto mkali ulipopita, nikaondoka uani ili aoge. Msikitini nilifika hotuba imekwisha kuanza.

Mke wangu aliporudi jioni alikuta vipande vya kioo vimefagiliwa na kujazwa ndani ya ndoo, na mimi na mama yake tumeketi barazani, yeye kwenye mkeka na mimi kwenye kigoda, mbali kidogo lakini upande mmoja. Alisimama getini akatutazama kwa muda. Mtoto wa dada yake alikuwa amejifungua msichana, lakini alisahau kutuambia mpaka tulipomwuliza.

Kwa wiki nzima nilifanya hesabu, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo mtu yeyote mwenye akili atauliza: je, niurudishe mtambo wa vioo? Vioo vipya vingetoka Kigali, na bei yake pamoja na usafiri na mipira ya kuzuia maji ilitosha kutununulia makala kwa muda mrefu sana. Hiyo ndiyo hesabu ambayo sikuwa nimeifanya kwa uaminifu hapo kabla. Nilikuwa nimepima maji ni ya moto kiasi gani, wala sikuuliza yatakuwa ya moto mpaka lini, na mtambo ukivunjika nani ataushughulikia, na kwa kitu gani. Katika nyumba ya wageni yenye tangi kubwa la akiba chini, vioo havikauki, na ningevifunga tena hata kesho. Kwetu, mtaa ambao maji hukatika kila kiangazi, ilikuwa kama kufuga ng'ombe wa maziwa mahali pasipo na majani. Boksi ukilivunja kioo, dukani kipo kingine. Bomba likitoboka, nalichomelea mwenyewe.

Basi tuliamua kulitengeneza boksi liwe zuri zaidi, na ninasema tuliamua kwa sababu mama mkwe alikuwa na maoni. Sasa aliyasema moja kwa moja. Akiketi mkekani, huku anachambua mchele, alikuwa akiniambia kwamba ndoo ya kwanza bado inatoka baridi, kwa nini. Nilimweleza kwamba bomba ni refu, maji yanapoa njiani. Akauliza kwa nini pipa limekaa mbali na bafu. Nilikuwa nimeliweka pale kwa sababu paa lilikuwa imara upande ule, nikamwambia hivyo. Akasema basi paa la upande huu liimarishwe. Nilikwenda kuchukua mbao.

Kuhusu sponji tulibishana. Nilitaka ile pamba ya viwandani ya kuzuia joto, lakini bei yake ilikuwa ya kuwauzia wenye vigae. Mama akataja makapi ya mpunga. Alisema wakati wa mavuno walikuwa wanafukia sufuria ya uji wa wafanyakazi ndani ya makapi na wanaukuta moto mchana. Nilikuwa na shaka, nikamwambia makapi yananyonya maji na yanaleta panya. Alikubali kuhusu maji na kukataa kuhusu panya. Tulikwenda pamoja Bugarama na basi dogo, mimi nimekaa nyuma na yeye mbele, tukajaza magunia kwenye mashine ya kukobolea, ambako makapi hutupwa. Ndugu zake walitushangaa. Sijui walishangaa zaidi makapi, au kuniona mimi na yeye tunaelekezana namna ya kufunga gunia.

Nilijenga boksi jingine kuzunguka pipa, nikajaza makapi ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri, nikafunika kwa bati. Yalifanya kazi. Maji ya alasiri yalikuwa bado ya kuogea baada ya swala ya isha, jambo ambalo sponji haikuwahi kulifanya. Msimu wa mvua uliofuata panya walikuja, wakatoboa mifuko ya chini, wakazaa humo kwa raha yao. Nilipomwonyesha mama alitazama kiota, akasema panya wa Kamembe hawana adabu, wa Bugarama hawafanyi hivyo. Nilizungushia bati mpaka chini, na tangu hapo hatujawaona.

Lakini alfajiri ilibaki alfajiri. Hata na makapi, maji ya kabla ya adhana yalikuwa yamepoa mno kwa magoti yale. Nilifikiria kuweka pipa kubwa zaidi, kioo cha pili, boksi la pili. Nilikuwa nimeanza kuchora mahali pa kuliweka mama aliponiambia niache. Alisema amekuwa akiwaza. Shambani alikuwa anaoga alfajiri kwa sababu kazi ilikuwa inamngoja alfajiri. Hapa hakuna kazi inayomngoja. Jua linatoa maji mazuri kabisa alasiri, kwa nini yeye alazimishe yalale mpaka asubuhi ndipo aoge?

"Nitaoga kiisha kusali alasiri," alisema. "Ya kutawadha asubuhi, nitaweka ndani ya terimosi."

Mke wangu alimletea chupa mbili za chai, zile kubwa zenye maua. Kila jioni mama huzijaza kutoka robine ya kushoto, ambayo sasa ndiyo robine pekee, na asubuhi huchanganya na maji ya baridi kwenye birika. Makala tunawasha kwa chakula tu, na siku zile za mawingu yanayokataa kuondoka. Siku hizo hakuna anayelalamika. Mke wangu hubandika sufuria, na mama husema jua nalo lina haki ya kupumzika.

Tangu hapo nimefunga maboksi kama lile katika nyumba kadhaa za mtaani kwetu na moja kule Bweyeye, karibu na msitu, kwa mwalimu mmoja. Huko baridi ni kali na ukungu hukaa mpaka karibu adhuhuri, nami nilimwambia kabla ya kuanza kwamba asitarajie mengi. Alinipigia simu baadaye akasema anapata maji ya kuoshea uso na miguu ya watoto wakirudi shule, na wakati wa kiangazi anaoga. Alikuwa ameridhika. Nikienda kwa mteja sasa, kabla ya kupanda paa nauliza maswali ambayo zamani sikuyauliza. Nataka kujua watu wa nyumba hiyo wanaoga saa ngapi, maji hukatika mara ngapi, na nani atabaki nyumbani upepo ukivuma.

Baadhi ya wateja hao huletwa na mama mkwe. Anakutana na akina mama baada ya swala, wanaulizana hali za magoti, na yeye hueleza. Mke wangu ananiambia anaeleza vizuri, jinsi maji mepesi yanavyopanda na mazito yanavyoshuka, huku anaonyesha kwa mikono. Wakija nyumbani kuona, ananiita kutoka barazani niwaeleze bei, maana bei, anasema, si kazi yake.

Jana alasiri nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo cha boksi, kwa sababu kiangazi kimerudi na kioo chenye vumbi hula joto lote. Mama alikuwa bafuni. Aliniuliza kutoka ndani kama nimeshamaliza upande wa juu, kwa kuwa anaona mwanga umebadilika dirishani. Nikamwambia bado kidogo. Akasema nisiharakishe, maji ni mazuri, yeye bado anakaa.